Mzee Sindano Yuko Huru Kujifunza

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshalisahau hilo. Nilitafuta mbao mwenyewe, nikaliweka chini ya ukuta wa nyumba ya ghorofa moja, pembeni ya jiko langu la mkaa, ili wateja wa kahawa wakae, wanywe, waende zao. Kukaa wanakaa. Kunywa wanakunywa. Hilo la kwenda zao ndilo somo limewashinda. Kushoto hukaa Mwalimu Silabasi, mstaafu, aliyefundisha hesabu mpaka alipopewa mapumziko, yeye au wanafunzi, sijui nani alihurumiwa. Katikati yuko Betri, fundi simu, ambaye kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara na hakimfahamu vizuri. Anayefuata ni Wembe, kinyozi, anayekuja na taulo begani ili aonekane yuko kazini. Na mwisho kabisa, upande mmoja wa mwili ukiwa hewani, hukaa Mzee Sindano, fundi cherehani, mwenye vyumba vya juu, na dirisha lake liko juu kabisa ya vichwa vyetu. Mimi wananiita Mama Birika. Kazi yangu ni kumimina, na yeyote akirefusha porojo humwambia maneno yale yale: sema umalize, kahawa inapoa.

Kisa chenyewe kilianza asubuhi ambayo Mzee Sindano alikataa kikombe cha pili. Mtu aliyefiwa na mke, akawa analala na cherehani na kuamka na cherehani, hana starehe nyingine zaidi ya kile kikombe. Nikajua kuna jambo.

Wembe: Mzee, unaumwa?

Sindano: Siumwi. Nina shida.

Wembe: Ya kichwa au ya mwili? Kama ya kichwa, hapa umefika.

Sindano: Ya nyumbani. Ni huyu mkwe wangu.

Sote tukatazama juu. Pale dirishani alikuwa amekaa mkaza mwana wake, akimenya viazi kwenye beseni lililoegemea tumbo. Mtoto wa Mzee Sindano ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alivuka mpaka mara nyingi mpaka siku moja akavuka na mke. Akamleta kwa baba yake, akakaa siku chache, akarudi barabarani. Binti wa watu hajui Kiswahili, mzee hajui Kikwao, na mjukuu yuko njiani. Mle ndani mzee akitaka kupita hukohoa. Binti akiwa ameivisha hugonga sufuria na mwiko. Hayo ndiyo mazungumzo ya familia nzima.

Betri: Ana tabu gani? Mbona anaonekana mzima? Anatembea kama meli iliyopakia, lakini mzima.

Wembe: Punguza sauti, yuko juu hapo.

Betri: Anaelewa nini? Hata ukimtukana atafikiri unamsalimia.

Sindano: Basi mnisikilize. Siku zake zinakaribia. Mwanangu hatakuwepo. Tuko wawili tu mle ndani. Nataka kumwambia jambo moja: uchungu ukikushika, hata kama ni usiku wa manane, nigongee mlango, usinionee haya. Basi. Nifundisheni hilo tu.

Ombi dogo. Mtu mwingine angelimaliza kabla sijajaza kikombe. Lakini alikuwa ameliomba kwenye benchi langu.

Silabasi: Kufundishwa! Mzee, neno hilo limezikwa. Kabla sijastaafu nilihudhuria semina. Siku hizi mtu hafundishwi lugha. Anajifunza mwenyewe. Mwanafunzi ndiye anayeshika usukani: anachagua aende wapi, apite wapi, asimame wapi. Mwalimu anakaa kiti cha abiria.

Wembe: Akianguka mtaroni?

Silabasi: Wanaanguka wote, lakini mwanafunzi anaanguka kwa hiari yake. Usinikatize. Mzee Sindano, kuanzia leo uko huru.

Sindano: Ahsante, Mwalimu. Basi naanza na lile la mlango.

Silabasi: Hapana. Unaanza na rangi.

Sindano: Si umesema nachagua mimi?

Silabasi: Unachagua! Rangi ipi itangulie, nyekundu au nyeusi, hilo ni lako peke yako. Mimi siingilii.

Sindano: Na lile la mlango?

Silabasi: Lile lina masharti ndani yake. "Uchungu ukikushika." Unaona hiyo "uki"? Hilo ni somo la kumi na nne. Huwezi kuruka.

Betri: Mwalimu, hapo umekwama zamani. Rangi za nini? Simu ipo. Mzee, lete simu yako nikuwekee programu. Kikwao kimo humo chote. Simu haichoki, haina dharau, haina semina. Unajifunza wakati wako, kwa mwendo wako.

Sindano: Itanifundisha lile la mlango?

Betri: Itakufundisha inachotaka yenyewe. Ndiyo raha yake.

Akaiweka programu hapo hapo. Sauti ya mwanamke asiye na haraka ikasema kitu kwa Kikwao, na chini yake yakatokea maandishi ya Kiswahili: Farasi wa jirani yangu anapenda barafu.

Sindano: Sina jirani mwenye farasi.

Betri: Utampata. Lugha inakuandaa.

Wembe akacheka mpaka taulo likaanguka. Kisha akalikung'uta na kutoa ya kwake.

Wembe: Ninyi mnahangaika na maneno. Lugha haikai kwenye maneno, inakaa hapa, juu ya sikio, kwenye mfupa huu. Mimi nimenyoa vichwa vya watu wa kwao, madereva, wengi tu. Mfupa wao huu uko wazi zaidi. Mzee, njoo nikunyoe pembeni, nikusugue hapa na mafuta ya moto, utaona.

Silabasi: Umeipata wapi hiyo?

Wembe: Vichwani, Mwalimu. Wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma vichwa. Na salamu yao naijua.

Akaitamka, kifua mbele. Mzee Sindano akairudia. Wembe akamrekebisha. Akairudia tena, kwa nguvu zaidi. Juu, kisu cha viazi kikasimama kidogo, kisha kikaendelea.

Na mimi nisijitoe. Nilimwambia anywe kahawa chungu isiyotiwa sukari, ulimi ufunguke. Sikuwa na ushahidi wowote, lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa nao.

Tulibishana mpaka jua likahamia upande wetu. Jambo moja tu tulikubaliana, na siku benchi hili likikubaliana ndipo ujue kuna mtu ataumia.

Silabasi: Jambo la mwisho. Mzee, usije ukathubutu kumsemesha mkwe wako Kikwao kabla hujaiva.

Betri: Hapo naungana na Mwalimu.

Silabasi: Kosa la lugha ni kama zege. Likishakauka, kulitoa ni nyundo. Ukimwambia leo kitu kibovu, kitabaki kibovu maisha yako yote.

Wembe: Tena ni mkwe. Mkwe akikucheka, uso unauweka wapi?

Hilo ndilo lililompata mzee. Niliona mabega yakishuka. Alikuwa haogopi zege, alikuwa anaogopa kuchekwa na mke wa mwanawe ndani ya nyumba yake.

Sindano: Na yeye akinisemesha?

Silabasi: Asikusemeshe. Mpaka umalize rangi, msisemeshane kabisa. Atakuchanganya.

Sindano: Kwa hiyo niko huru, ila nisiongee.

Silabasi: Umenielewa vizuri sana. Kichwa chako ni chepesi.

Basi mzee akaanza kujifunza mwenyewe, chini ya usimamizi wa watu watatu. Asubuhi Silabasi alimuuliza rangi. Mchana Betri alimkagua kwenye simu kama amefikisha nyota alizopangiwa. Jioni Wembe alimsugua mfupa. Alinyolewa pembeni mpaka masikio yakabaki yanashangaa. Alilala na hedifoni masikioni kwa amri ya Betri, akawa anaamka na shingo imekakamaa, na siku moja alimshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu kwa sababu alikuwa akinong'ona habari za farasi. Mteja akaja juu. Silabasi akatoka kumweleza kwamba huyu ni mtu mzima anayejiongoza kimasomo, avumiliwe. Mteja akasema yeye anachotaka ni suruali ijiongoze kwenye miguu yake.

Nadharia nazo zilizidi kunenepa. Betri akasema mzee asiote kwa Kiswahili. Akiona ndoto imeanza kwa Kiswahili, aamke. Wembe akasema lugha ya watu wa kule imejengwa na hewa ya kule, kwa hiyo mzee apumue kwa pua moja, ya kushoto, maana ndiyo inayoelekea mpakani. Silabasi alisema huo ni upuuzi, kisha akauliza kwa nini isiwe ya kulia.

Sindano: Jamani, jana nimemshonea mtoto kishati. Kidogo hivi. Nimekiacha kwenye kiti chake. Leo nimekuta amekifua, kipo dirishani kinakauka.

Tukatazama. Kweli, kishati cha rangi ya maziwa, kimebanwa na kibanio kimoja, kinapepea juu ya vichwa vyetu.

Sindano: Sasa kukifua maana yake nini? Amekipenda, au amekiona kichafu?

Silabasi: Hilo ni suala la utamaduni. Kuna jamii hufua kitu kuonyesha shukrani.

Betri: Na kuna jamii hufua kitu kuonyesha kimechafuka. Yetu mojawapo.

Wembe: Angalia kibanio. Kibanio kimoja. Angekipenda angeweka viwili.

Sindano: Nimwulize?

Wote: Hapana!

Silabasi: Uko kwenye kijani, mzee. Usijiharibie.

Mzee akakitazama kile kishati kikipepea mpaka kikombe chake kikapoa. Nilitaka kumwaga kile cha baridi nimpe cha moto, akaniwekea mkono juu yake. Mtu aliyekuwa anakuja hapa kusahau upweke, sasa tulikuwa tunamfundisha upweke kwa silabasi.

Ikafika siku ya mtihani. Mtihani ulikuwa wazo la Mwalimu. Alisema mwanafunzi aliye huru hujipima mwenyewe, kwa hiyo yeye atampima. Betri akaweka simu yake tayari kurekodi. Wembe akawa msimamizi, akazunguka nyuma ya benchi mikono mgongoni, akihakikisha mzee hatazamii kwa mtu, ingawa kati yetu hakuna aliyekuwa na la kutazamiwa.

Silabasi: Mtahiniwa, simama.

Sindano: Magoti yananiuma, Mwalimu.

Silabasi: Uko huru kusimama kwa namna unayoipenda.

Akasimama. Silabasi akanyoosha kidole kwenye birika langu.

Silabasi: Rangi gani hii?

Mzee akasema neno. Silabasi akamgeukia Betri. Betri akaitazama simu.

Betri: Ni yenyewe. Nyeusi.

Silabasi: Vizuri sana.

Mama Birika: Birika langu si jeusi, ni moshi huo.

Silabasi: Mama, usiingilie mtihani. Hii?

Akaonyesha taulo la Wembe. Mzee akasema. Silabasi akamtazama Betri tena. Hapo Wembe akaacha kuzunguka.

Wembe: Ngoja kidogo. Mwalimu, kwani wewe lugha hii unaijua?

Silabasi: Kujua si kazi ya mwalimu wa siku hizi. Kazi yake ni kuwezesha.

Wembe: Kwa hiyo unamtahini mtu kwa lugha usiyoijua?

Silabasi: Ndiyo maana sina upendeleo. Swali la mwisho. Shati la Betri, rangi gani?

Shati la Betri lilikuwa la zambarau, Mungu amsamehe aliyemuuzia. Mzee akafumba macho. Midomo ikacheza. Akataja kitu, akakirudisha. Akataja kingine. Jasho likaanza kumtoka kwenye zile pembe alizonyolewa.

Betri: Simu inasema sivyo.

Silabasi: Basi. Umeanguka. Si vibaya, kuanguka ni sehemu ya kujitegemea. Utarudia mwezi ujao, na mpaka hapo ile amri ya kutosemeshana inaendelea.

Sindano: Mwezi ujao?

Silabasi: Mwezi ujao.

Sindano: Mwalimu, mwezi ujao mtoto atakuwa kazaliwa! Mtoto atazaliwa, atatambaa, ataanza kuongea, mimi bado niko kwenye zambarau!

Hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Hata cherehani yake ina kelele kuliko yeye.

Sindano: Mnajua kwa nini nataka lile la mlango? Mama yake huyu dereva alishikwa na uchungu usiku. Mimi nilikuwa nimeshona kutwa nzima, nimelala kama gunia. Akaona haya kuniamsha. Akauma kanga, akanyamaza mpaka asubuhi. Nilipojua, ilibaki kidogo niwakose wote wawili. Maisha yake yote nilikuwa namwuliza, kwa nini hukunigongea? Anasema, niliona umechoka. Sasa namwona huyu binti wa watu ana upole ule ule. Atanyamaza. Ninalijua hilo. Na mimi nimekaa hapa nataja rangi ya shati la Betri!

Akakaa. Betri akazima kurekodi. Mimi nikajifanya napuliza mkaa.

Silabasi: Pole sana, mzee. Imenigusa. Lakini utaratibu ni utaratibu.

Ndipo tukasikia ndala kwenye ngazi. Zilikuwa zinashuka polepole, ngazi moja, pumzi, ngazi nyingine, pumzi. Mlango wa pembeni ukafunguka. Mkwe wa Mzee Sindano akatoka, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kile kishati. Hakuwa amewahi kufika kwenye benchi. Wembe akasogea haraka kumpisha, akakumbuka ustaarabu wake, akamtolea ile salamu ya Kikwao kwa kifua.

Mkwe: Habari zenu, wazee wangu. Na wewe kinyozi, ahsante, lakini hiyo salamu yako kwetu tunafukuzia kuku.

Kiswahili. Kilikuwa na uzito wa kwao kwenye kingo, lakini Kiswahili kabisa, na cha hapa hapa, hata ule mvuto wa mwisho wa sentensi alikuwa ameutoa kwa Wembe mwenyewe. Silabasi alikuwa amefungua mdomo kusema jambo. Aliusahau wazi.

Betri: Wewe… unaongea Kiswahili?

Mkwe: Naongea kibovu. Lakini naongea.

Wembe: Tangu lini?

Mkwe: Tangu nilipochoka kunyamaza. Asubuhi nakaa dirishani nawasikiliza. Mnabishana jambo moja kutwa nzima, maneno yale yale, mnayarudia na kuyarudia. Darasa kama hilo ningelipata wapi? Neno likinishinda nalitunza, mchana naenda nalo duka la mtaa wa nyuma, nalijaribu. Nikikosea mwenye duka anacheka, mimi nacheka, ananirekebisha. Kesho nabeba lingine.

Silabasi: Nani alikuwa anakuchagulia maneno?

Mkwe: Nani anichagulie, Mwalimu? Mwenye njaa nilikuwa mimi. Nilianza na vitunguu.

Silabasi: Na rangi?

Mkwe: Rangi bado sijafika.

Silabasi akavua miwani, akaifuta. Ilikuwa safi.

Betri: Kwa hiyo… yale ya hapa… uliyasikia yote?

Mkwe: Meli iliyopakia imesikia yote.

Betri akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mzee Sindano alikuwa amemkazia macho yule binti, na kikombe mkononi kimeegemea upande, kahawa inamdondokea gotini naye hana habari.

Sindano: Mwanangu. Siku zote hizi. Kwa nini hukunisemesha?

Mkwe: Niliogopa kukuharibia masomo, Baba. Mwalimu alisema tusisemeshane mpaka umalize rangi. Nikadhani ndio utaratibu wa nyumba za huku. Kila jioni nakusikia chumbani kwako unazitaja, nyekundu, nyeusi, nyeupe, na yule farasi wako. Najiambia, vumilia, kesho atamaliza, kesho atamaliza, ataniambia.

Akakiweka kishati kwenye goti la mzee, goti lile lisilolowa.

Mkwe: Hiki ni kizuri mno. Nilikifua kiwe laini, ni cha mtoto. Shingo tu ni ndogo, kichwa chake kitakuwa kama cha baba yake. Na lile jambo lenyewe nililisikia siku ya kwanza, Baba. Nililielewa nusu tu, nikaenda dukani nikauliza nusu iliyobaki. Nimekaa nalisubiri. Lile la mlango, utaniambia lini?

Nimeuza kahawa miaka mingi. Nimesikia benchi hili likijibu maswali ya vita, ya bei ya mafuta, ya mwisho wa dunia, na kwa nini paka hapendi maji. Hili hakuna aliyeligusa. Mzee Sindano akafungua mdomo. Na kabla hakijatoka kitu, macho yake yakakimbilia kwa Mwalimu, kuomba ruhusa. Tulikuwa tumemfundisha kitu kimoja, na hicho alikuwa amekishika barabara.

Silabasi alitazama chini kama mtu aliyeangusha shilingi.

Mkwe: Usimwangalie Mwalimu. Sema umalize, Baba, kahawa inapoa.

Maneno yangu hayo. Nimeyatupa kwenye benchi hili kila siku bila kufikiri, kufukuza watu, na huyu mtoto wa watu aliyaokota, akayafuta vumbi, akayapa kazi nzuri kuliko yote niliyowahi kuyapa mimi. Niliona aibu na nikafurahi kwa wakati mmoja. Nikageuka nikapuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu.

Sindano: Uchungu… uchungu ukikushika, hata usiku wa manane, nigongee mlango. Usinionee haya.

Mkwe: Nitagonga. Nitagonga mpaka uvunjike.

Mzee akacheka, na macho yakamlowa, na hakujificha. Akasimama bila kulalamikia magoti.

Mkwe: Na kikwetu unataka?

Sindano: Nataka. Lakini nitakosea.

Mkwe: Kosea. Mimi nilimwomba mwenye duka kilo mbili za mume.

Wakaingia, yeye akimshika mkono kwenye ngazi, sijui nani alikuwa anamsaidia nani. Tukasikia ndala, pumzi, ndala, pumzi, kisha mlango wa juu. Nafasi ya mzee kwenye benchi ikabaki wazi, na hakuna aliyeisogelea.

Wembe: Mimi nilisema tangu mwanzo, lugha inaanzia sikioni.

Betri: Ulisema mfupa.

Wembe: Mfupa uko karibu na sikio.

Silabasi: Kimsingi alichofanya yule binti ndicho nilichokuwa nakieleza. Ameshika usukani.

Betri: Na wewe ulikuwa kiti gani, Mwalimu?

Juu ya vichwa vyetu ikaja sauti ya binti, sentensi moja ya Kikwao, taratibu. Halafu sauti ya mzee ikiirudia, ikijikwaa katikati, ikianza upya. Binti akacheka. Mzee naye akacheka. Akajaribu tena, mara hii mpaka mwisho, kisha, neno kwa neno na kwa kujikwaa, akaongeza kitu kingine kirefu ambacho hakikuwa na farasi wala zambarau ndani yake, na binti akamjibu, na mzee akamjibu tena.

Tulikuwa tumeinua shingo wote, midomo wazi, tukisikiliza dirisha.

Betri: Anasema nini?

Wembe akamtazama Silabasi. Silabasi akamtazama Betri. Betri akaitazama simu yake, nayo ilikuwa imezima. Kahawa ikapoa.